Alama Sitini na Saba

Mhudumu wa baa alishuka ghalani Jumamosi jioni kuchukua kreti ya soda, akamkuta bosi wake amelala chini ya ngazi, kichwa kimegeukia ukutani, filimbi bado shingoni. Kreti haikuchukuliwa tena. Mhudumu alipiga yowe moja, kisha akajikaza, akaushika mkono wa yule mama, akaona bado una joto. Akaita gari la wagonjwa kwanza, polisi baadaye. Kwa mpangilio huo mama alifika hospitali akiwa anapumua, na kesi ikaandikwa ya kujeruhi, si ya kuua, angalau kwa siku ile.

Aliyepewa kesi alikuwa sajenti wa upelelezi, mwanamke wa makamo, miguu yake ikivimba akisimama sana na subira yake ikiisha akidanganywa sana. Kwa kazi yake, vyote viwili vilimpata karibu kila siku.

Aliyeanguka alikuwa mwenye baa, mjane, na mtaa mzima ulimwita Bibi Refa. Jina hilo lilitokana na mashine za kikapu. Bila shaka umeziona: kitanda kirefu chenye wavu pande zote, pete kule mwisho, mipira inakuteremkia yenyewe mpaka mkononi, unarusha, taa nyekundu zinahesabu alama huku muda unayoyoma. Watoto huzichezea wakisubiri wazazi wao. Watu wazima wa mji ule walizifanyia ligi. Mashine ziliunganishwa kwa mtandao, kila mchezaji akiingia kwa namba yake ya ligi, wa baa hii akacheza na wa ukumbi ule bila kuonana, kila mmoja akiona alama za mwenzake tu zikipanda kwenye skrini. Ugomvi ulikuwa mwingi. Fulani kavuka mstari, fulani kasogezewa mpira na shemeji yake. Aliyeamua alikuwa Bibi Refa, kwa simu, na siku ya ligi simu yake haikulia mara mbili kabla ya kupokewa.

Sajenti alishuka ghalani polepole, mkono ukutani. Chumba kilikuwa chini ya baa, kina ngazi ya mbao, kreti zilizopangwa hadi darini, na mlango mmoja wa chuma unaotokea uchochoroni. Mlango ule ulijifunga wenyewe ukiusukuma. Aliye ndani aliufungua kwa kushika komeo tu, aliye nje alihitaji ufunguo. Funguo zilikuwa mbili, mmoja mfukoni mwa Bibi Refa na wa pili kwa fundi wake.

Kwa maelezo ya mhudumu, bega la gauni la yule mama lilikuwa limechanika, kama mtu alilikamata na kitambaa kikamshinda. Mtu anayeteleza mwenyewe hachaniki bega. Pembeni kulikuwa na mashine kuukuu ya kikapu. Turubai lake lilikuwa sakafuni, mipira imejaa kwenye trei yake, plagi imechomolewa. Sajenti aliyatazama hayo, akaenda kutafuta kiti.

"Mara ya mwisho umemwona saa ngapi?" alimwuliza mhudumu.

"Saa kumi ilikuwa inakaribia. Alisema, nakwenda chini mara moja, mchezo ukianza msinisubiri."

"Kufanya nini?"

"Hakusema. Alikuwa kama mtu mwenye jambo moyoni, Afande. Halafu ligi ikaanza, makelele kama unavyojua, muziki, watu wamesimama juu ya viti. Katikati ya mchezo likatokea bishano, sijui nani kavuka mstari. Watu wakampigia simu, hakupokea."

"Hamkushangaa?"

Mhudumu alijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia meza. "Tulishangaa. Tukasema labda leo kachoka. Tukaendelea kucheza. Yule mama alikuwa chini yetu pale, na sisi tunacheza."

Kwa hiyo ilikuwa saa kumi, au dakika chache za huku na huku. Sajenti aliuliza nani alikuwa na kisa na Bibi Refa, na baa nzima ikamwonyesha Dobi kwa vidole.

Dobi alifua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa. Wiki iliyotangulia Bibi Refa alimfutia ushindi kwa sababu ya kidole kimoja cha mguu kilichovuka mstari, na yeye akasema mbele za watu kwamba mama huyu atakuja kujuta.

"Nilisema," alikiri Dobi. "Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Lakini saa kumi nilikuwa hapa hapa juu, kwenye mashine, macho yote yananitazama nikichapwa. Uliza."

"Ulichapwa na nani?"

"Na kaka yake mwenyewe Bibi Refa. Kapteni. Yeye huchezea kule Ukumbi wa Michezo. Mzee yule msimu mzima alikuwa anasuasua, hamsini, arobaini na kitu, nikajua leo namla. Kumbe! Sitini na saba. Sijawahi kuona alama kama ile ligi nzima. Nilibaki nimeduwaa na mpira mkononi."

Watu wote waliokuwapo waliapa kwamba Dobi hakubanduka pale. Sajenti akamwacha aende zake, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa jiwe, akamwambia pole kwa kufungwa.

*

Kapteni alikutwa hospitali Jumapili alfajiri, amesimama mlangoni mwa chumba cha dada yake kama mwenye nyumba. Alikuwa mtu mzima mrefu, mabega mapana, ameyavaa majukumu yote: amezungumza na daktari, amesaini palipotakiwa kusainiwa, amewaambia wauguzi nani aingie na nani asiingie. Ligi ile aliianzisha yeye, miaka mingi nyuma, na timu ya mji ilipokwenda kucheza na miji mingine, kapteni alikuwa yeye tangu siku ya kwanza.

"Hajaamka," alisema. "Damu imevilia kichwani. Jumatatu asubuhi wanampasua. Daktari anasema anaweza kuamka, anaweza asiamke."

"Pole sana. Unamshuku mtu?"

Kapteni alishusha pumzi. "Ni aibu kulisema. Yuko kijana wetu, mtoto wa marehemu dada yetu. Fundi wa mashine, na mkono wake wa kikapu ni mzuri. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Juzi wamegombana mpaka majirani wakasikia. Ufunguo wa ghala anao. Na jana mchana kutwa hakuonekana. Sasa wewe jumlisha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini kwangu," alisema, akatabasamu kidogo. "Kwenye mashine. Ukumbi mzima uliona alama zangu zikipanda. Sitini na saba, Afande. Mkono ulikuwa umewaka. Nikatoka pale nimebebwa juu juu, na simu ya kunipa habari za dada ikanikuta bado nacheka."

Aliinama, akaukaza mdomo, na machozi yakamtoka kweli. Sajenti alikuwa ameona machozi mengi ya uongo maishani, na yale hayakuwa ya uongo. Alilikumbuka hilo baadaye kwa uchungu.

*

Jumapili asubuhi Fundi alikuwa benchi la nje ya wodi, tangu geti lilipofunguliwa. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mikono imejaa makovu ya waya. Walinzi walikuwa wameambiwa asipite.

"Naomba kitu kimoja tu," alimwambia Sajenti kabla hajaulizwa lolote. "Nimwone kabla hawajamwingiza upasuaji. Dakika mbili. Mjomba amekataza."

"Ulikuwa wapi jana saa kumi?"

"Nilikwenda kununua kifaa cha mashine."

"Duka gani?"

Akalitaja. Sajenti alivua kiatu kimoja, akakanda unyayo wake. "Kijana, duka hilo Jumamosi hufunga saa sita. Nimenunua plagi pale mwenyewe. Usinichoshe, miguu yangu inauma."

Fundi alitazama mlango wa wodi, halafu sakafu.

"Nilikwenda mji wa jirani kuomba kazi," alisema hatimaye. "Kuna ukumbi mkubwa unafunguliwa, wanataka fundi mkuu. Nilizungumza na mwenyewe kuanzia saa tisa mpaka jua linazama."

"Kwa nini unaificha kazi? Si wizi."

"Kwa sababu Mama Mdogo hajui. Juzi nilianza kumdokeza, nikasema nataka kupumua kidogo nje ya baa hii, akaudhika, nikaudhika. Nilimwambia yeye si mama yangu." Alikuna kovu la kidoleni. "Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Sasa wewe ungependa lije kuandikwa polisi?"

Sajenti alipiga namba ya mwenye ukumbi wa mji wa jirani. Simu ililia mpaka ikakata. Akapiga tena baada ya muda, ikawa vile vile. Jumapili ndivyo ilivyo. Bila mtu wa kumthibitisha, maneno ya Fundi yalibaki maneno, na Jumatatu asubuhi haikuwa ikimsubiri mtu.

"Niambie kuhusu ile mashine ya ghalani," alisema, akirudisha kiatu.

"Ile mbovu? Naitengeneza. Mtandao inashika vizuri, niliunganisha wiki iliyopita, hata Mjomba alikuja akaiona. Kilichobaki ni jicho la kuhesabu, lile la chini ya pete. Mpira ukiingia safi linatoa alama zake zote. Ukigonga pete kwanza, mara nyingine linatoa nusu. Nasubiri jicho jipya."

"Uliiachaje?"

"Ijumaa niliifunika turubai. Mipira yote nikaitia kwenye gunia ili watoto wa jirani wasije kuipiga teke."

Mipira aliyoiona Sajenti haikuwa kwenye gunia.

*

Ukumbi wa Michezo ulikuwa nyuma ya maduka, mwendo mfupi kutoka baa kwa anayepita uchochoroni. Meneja wake, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, alimkaribisha kama mteja, ingawa alikuwa hajafungua.

Mashine ya ligi haikuwa ukumbini penyewe. Ilikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, kimefungwa kwa pazia zito.

"Wachezaji hawapendi kutazamwa usoni," alieleza Meneja. "Kapteni ndiye aliyetaka pazia. Sisi tunakaa huku na skrini kubwa. Akiingia, hakuna kumsumbua mpaka amalize."

"Jana aliingia saa ngapi?"

"Mapema. Saa tisa na nusu imepita kidogo, akasema anapasha mkono. Saa kumi kamili alama zikaanza kupanda. Na sisi tukaanza kuimba."

"Ulimwona akicheza?"

"Niliona alama."

"Nimekuuliza kama ulimwona yeye."

Meneja alikuna kidevu. "Yeye nilimwona akiingia, na nikamwona akitoka."

Sajenti alipitisha kichwa nyuma ya pazia. Mbele yake mashine, nyuma ya mashine mlango wa dharura. Aliusukuma, ukafunguka bila kelele, na mbele yake ukawapo ule uchochoro. Alirudi ndani akitafuna mdomo. Mlango wa nyuma ulimwonyesha kwamba mtu angeweza kutoka. Haukumwonyesha mtu huyo angewezaje kutoka na wakati huo huo kupata alama sitini na saba.

Meneja aliiwasha mashine ili kumfurahisha. Taa nyekundu ziliwaka: thelathini na nane.

"Hizo ni za nani?"

"Za mteja wa mwisho jana usiku. Mashine hizi hukumbuka alama za mwisho, hata ukichomoa waya, mpaka mwingine acheze. Jaribu, mama. Bure."

Kukataa kungekuwa kujidai. Sajenti alivua koti, akarusha. Mpira wa kwanza ulipita juu ya pete na wa pili haukuifikia. Alipokuja kuuelewa mkono wake, muda ulikuwa unakimbia, naye akajikuta amekunja sura, anarusha kwa hasira, anataka ule mmoja tu zaidi. Kengele ililia akiwa bado na mpira hewani.

"Nimepata kumi na moja?" aliuliza, akihema. Hakuwa amevaa miwani.

Meneja alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Kumi na moja hakuna, mama. Wala saba, wala tisa. Kikapu kimoja alama mbili, tangu mwanzo mpaka mwisho. Umepata kumi. Ungepata kumi na mbili kama ule wa mwisho..."

Akanyamaza, kwa sababu Sajenti alikuwa amemshika mkono.

"Rudia hapo."

"Kikapu alama mbili."

"Kila mashine?"

"Kila mashine ya ligi."

"Na sitini na saba inatoka wapi?"

Ukweli ni kwamba Meneja aliiona namba ile jana, akaona ina kasoro fulani, akasema moyoni ni vituko vya mtandao, halafu wenzake wakambeba Kapteni begani naye akasahau. Dobi naye alikuwa anatazama kushindwa kwake. Watu wanaohesabu vikapu msimu mzima walikuwa wameipokea namba isiyowezekana kwa vigelegele.

*

Ghalani Sajenti alikwenda na Fundi. Alimwambia asimame kwenye ngazi, asiguse chochote isipokuwa waya.

"Chomeka."

Fundi alichomeka. Mashine ilitoa mvumo, mkanda wa mipira ukajivuta, na kule mwisho juu ya pete taa zikaanza kuwaka moja moja, hafifu kwanza, halafu nyekundu kabisa.

Sitini na saba.

Fundi alizitazama. Alijua zimetoka kwenye mchezo gani, maana mji mzima ulijua. Alitazama sakafu chini ya ngazi, hatua chache kutoka mahali mchezaji anaposimama, pale ambapo chaki ya polisi ilikuwa bado haijafutika. Kisha akakaa kitako juu ya ngazi na kujishika kichwa.

"Mjomba wangu," alisema. "Alicheza hapa. Mama Mdogo amelala pale, na Mjomba akacheza."

Sajenti alimwekea mkono begani, na alipotoka nje aliagiza askari wawili wamtangulie hospitali, kwa sababu alikumbuka ghafla ni nani aliyekuwa peke yake na mgonjwa tangu jana.

*

Kapteni alikuwa ndani, kwenye kiti kando ya kitanda, mkono wa dada yake umo mkononi mwake. Sajenti alimwita nje taratibu. Alisubiri mpaka mlango umefungwa. Fundi alikuwa amesimama mwisho wa korido pamoja na askari.

"Bwana Kapteni, jana ulichezea wapi?"

"Nimekwambia. Ukumbini."

"Pale kikapu ni alama mbili. Sitini na saba haipatikani pale. Inapatikana kwenye mashine moja tu mji huu, yenye jicho bovu. Nimetoka kuiwasha. Alama zako bado zipo."

Kapteni hakukana. Mtu anayejua mchezo hujua akishafungwa.

"Sikujua jicho ni bovu," alisema.

"Najua hukujua. Alikuita yeye?"

"Alinipigia akasema, kaka, pita kwa nyuma kabla ya mchezo, nina neno. Sikutaka watu wajue nimeitwa kama mtoto, ndiyo nikapita mlango wa dharura. Akanifungulia. Akaniambia safari ya mwezi ujao timu itakuwa na kapteni mwingine. Kijana. Akasema amenifichia aibu msimu mzima, alama zangu zinashuka, niondoke mwenyewe kwa heshima kabla hajatangaza. Mimi, niliyeianzisha. Mashine ya kwanza mji huu niliipandisha kwa mabega yangu." Alijigusa bega. "Akanipa mgongo kupanda ngazi. Nikamvuta bega, nataka anisikilize tu. Gauni likachanika, akarudi kinyumenyume. Naapa sikutaka aanguke."

"Nakuamini. Na alipoanguka?"

"Nilimwita. Hakuitika. Alikuwa anapumua. Nikatoa simu, nikaona saa kumi imekaribia." Alitazama kiganja chake. "Nisipoitikia mchezo, Meneja atafungua pazia. Ataona sipo. Mashine ilikuwa pale, nikaiwasha, nikaingiza namba yangu. Nikasema, mchezo mmoja, ni dakika chache tu, halafu naita gari."

"Uliita?"

Kapteni alitikisa kichwa.

"Simu yake ililia," alisema. "Katikati ya mchezo. Ilikuwa inalia mfukoni mwake, na mimi narusha."

Sajenti, ambaye kwa miaka yote ya kazi alijifunza kutokasirika mbele ya mtuhumiwa, alikasirika. "Kuna kitu kimoja sikielewi. Ulihitaji alama zionekane tu. Alama kumi zingetosha kukuficha. Ungeitupa mipira ovyo, ungefungwa na Dobi, ungemaliza ukaita gari hata bila kutaja jina, na mimi nisingekukamata mpaka kufa. Kwa nini ulicheza namna ile?"

Kapteni alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilitaka aone," alisema. "Kwamba bado ninaweza."

Askari mmoja aligeuza uso.

"Tangu jana nimekaa pale," aliendelea Kapteni. "Naomba aamke. Halafu naomba asiamke. Ni dada yangu, Afande. Nampenda."

"Na yule kijana ukamfungia mlango."

"Nilihitaji mtu wa kumbebesha." Hakumtazama Fundi. "Na yeye ndiye aliyechaguliwa. Ukapteni ule ni wake."

Fundi alikuwa amesogea, amesikia. "Mimi nilikuwa nahama, Mjomba," alisema. Hakupaza sauti. "Jana saa kumi nilikuwa naomba kazi mji mwingine. Ukapteni wenu nisingeuchukua."

Kapteni alifumba macho. Askari walimshika mikono, naye akawaacha, mrefu vile vile, akawafuata kwa utiifu. Walipofika mwisho wa korido alisimama na kugeuka. Sajenti alidhani atamwomba kijana msamaha, na hata leo angependa iwe alifanya hivyo.

"Afande," aliuliza Kapteni, "lile jicho bovu. Kama lingekuwa zima, ingekuwa ngapi?"

Askari wakamteremsha ngazi.

Daktari aliruhusu dakika mbili. Fundi aliingia akainama kwenye kitanda, mikono yake ya makovu haijui pa kukaa, na Sajenti akabaki kwenye mlango kwa kuwa sheria ilimtaka na kwa kuwa moyo haukumruhusu kuondoka.

"Mama Mdogo," alisema kijana. "Ni mimi. Lile neno la juzi nimelifuta. Umesikia? Wewe ndiye mama yangu, sina mwingine. Nilikwenda kuomba kazi bila kukwambia, hilo nalo nimekosa. Ukitoka huko kesho utanigombeza vizuri."

Mgonjwa hakufungua macho. Ila kidole chake kimoja kilisogea juu ya shuka, kikagusa kifua, pale ambapo kwa kawaida filimbi huning'inia, kikapapasa bila kukiona kinachotafutwa. Muuguzi alisema huenda ni mshtuko wa mishipa tu, wasitegemee sana.

Sajenti alitia mkono mfukoni, akaitoa filimbi kwenye bahasha ya ushahidi. Ilikuwa kinyume cha taratibu zote, na aliijua kila taratibu aliyokuwa akiivunja. Alimpa Fundi, na Fundi akaiweka chini ya kile kidole.

Mkono wa Bibi Refa ukaifumbata.